Msindikizaji wa Wagonjwa

Kwetu Mohoro mtu haendi hospitali peke yake. Mgonjwa huenda na mtu wa kumsemea, na miaka yote niliyokulia pale mtu huyo alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliyeko ng'ambo ya mto. Watu walimwita Msindikizaji. Mie nilimwita shangazi, ingawa hatukuzaliwa ukoo mmoja. Jina lake alilopewa na wazazi silitaji, maana alinikataza mwenyewe. Nilipomwambia nataka kuandika habari zake alifikiri kidogo, akasema, "Andika, lakini jina liache hukuhuku nyumbani." Basi nimeliacha.

Niseme mapema ninachokisimulia, nisije nikawazungusha. Mwanamke huyu aliyewasemea wagonjwa wa vijiji vitatu alipata maradhi yake mwenyewe, akayaficha. Mtu wa kwanza kuyasikia nilikuwa mie, na niliyasikia kazini, nikayaandika kwenye daftari nisijue nimeandika nini. Nikikumbuka naona aibu hadi leo.

Nyuma ya mlango wake kilining'inia kikapu cha ukili ambacho hakikutumika sokoni wala shambani. Ndani mlikuwa na kanga mbili safi, kikombe cha bati, kijiko, kipande cha sabuni na chupa ya chai. Ukija kumgongea, alikuuliza swali moja tu: "Anatembea au anabebwa?" Akiwa anatembea, Msindikizaji alimaliza chai yake kwanza. Akiwa anabebwa, chai iliachwa ikapoa, na yeye alikwishafika barabarani kabla hujamaliza kumshukuru.

Njiani alimhoji mgonjwa. Kwa wazee wa Kimatumbi alisema Kimatumbi, kwa Wandengereko alisema Kindengereko, na walipofika mbele ya daktari aliyageuza yote kuwa Kiswahili cha hospitali, chenye presha na sukari na dripu. Kwa wale waliobana midomo alikuwa na methali yake, mficha maradhi kifo humuumbua, na aliirudia kila baada ya nyumba mbili mpaka mgonjwa akaona heri aseme yaishe.

Palikuwa na mzee mmoja, fundi wa kuchonga mipini ya majembe, ambaye alikuwa na busha la miaka mingi. Kijiji kizima kiliona anavyotembea na hakuna aliyesema. Siku Msindikizaji alipomfikisha kwa daktari, mzee akasema anaumwa kichwa. Daktari akaanza kuandika. Msindikizaji akageuka akautazama ukuta, akasema, "Daktari, kichwa chake hakina neno. Mwambie avue, mie natazama huku." Mzee alipasuliwa, akapona. Habari hiyo sikuipata kwa Msindikizaji. Nimeipata kwa mzee mwenyewe, anaisimulia kwenye kahawa huku anacheka.

Msidhani alikuwa mtu wa kufunga mdomo. Ukitaka kujua mkwe wa nani kaunguza ubwabwa siku ya hitima, au nani kanunua kabati na hana cha kutia ndani, ulikwenda kwake ukaketi. Alisengenya kwa raha, kwa mikono na kwa macho. Lakini maradhi ya mtu hayakuingia humo. Niliwahi kumchokoza nikiwa msichana, nikamuuliza dada fulani alikwenda hospitali ya Utete kufanya nini. Akanitazama mpaka nikaangalia chini. "Alikwenda kutembea," akasema, na siku hiyo sikupewa tena hadithi yoyote.

Na alikuwa mwongo. Hili lazima niliseme, maana ndilo lililokuja kunifungua macho baadaye. Msindikizaji aliongeza siku. Mtoto akiwa na homa tangu jana, kwa daktari ilikuwa ya siku nne. Kuharisha kwa siku mbili kulifika tano. Alinifundisha mwenyewe nilipokuwa nampeleka mdogo wangu: "Ukienda na siku mbili, unarudi na panadoli. Sema tano, upimwe." Akina mama wote wa mtaa wetu walijifunza hesabu hiyo kwake, nao wauguzi waliijua. Palikuwa na sista mmoja mnene, mcheshi, aliyekuwa akimwona tu mlangoni anauliza, "Leo umeongeza ngapi?" Naye anajibu bila haya, "Mbili tu, sista." "Basi ni siku tatu," sista anasema, na anaandika tatu. Walielewana hivyo kwa miaka, na sijui kama kuna mtoto aliyedhurika kwa hesabu yao.

Sindano aliiogopa. Mtu aliyeshuhudia wanawake wakijifungua njiani, aliyeshika miguu ya watu ikifungwa vidonda, sindano ikitolewa alifumba macho. Mgonjwa alishikwa mkono na mtu ambaye naye anahitaji kushikwa. Nilimcheka mara moja. Akasema, "Cheka, mie nafumba macho, siondoki." Ilikuwa kweli, hakuondoka.

Mumewe alioa mke wa pili, msichana wa kijiji cha Mkongo, na Msindikizaji alinuna kwa misimu miwili ya mpunga. Alimpitishia mumewe chakula dirishani. Lakini yule mke mwenziwe aliposhikwa na uchungu, mtoto kakaa vibaya, watu wakaenda kumwita Msindikizaji kwa woga wakijua watafukuzwa. Akauliza kama anatembea au anabebwa. Akaambiwa anabebwa. Alikaa naye hospitali siku sita, akamwogesha, akampikia uji, akarudi naye na mtoto mikononi. Walipofika nyumbani akanuna tena palepale alipoachia. Nilimuuliza mbona hivyo. "Ugomvi wetu haujaisha," akasema. "Uzazi wake ndio umeisha." Mpaka leo yule mtoto anamwita mama mkubwa na hali kwake chakula cha usiku mpaka aitwe mara mbili, kwa adabu.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Dar es Salaam kuna vijana wanaotengeneza programu za simu, na mie wananituma kwa watu kuona kama zinatumika. Safari hiyo ilikuwa programu ya kuuliza dalili. Unaiambia unaumwa nini, inakuuliza maswali, mwisho inakwambia ukae nyumbani unywe maji, au uende zahanati, au ukimbie hospitali. Mie namkabidhi mtu simu na kadi yenye kisa cha mgonjwa wa kuigiza, kisha nakaa kando natazama kidole chake kinasita wapi. Sauti inarekodiwa, kwa idhini yake. Sheria ya kazi hiyo ni moja na ni ngumu: usimsaidie. Akikuuliza jambo, mrudishie swali. "Wewe unaelewaje? Wewe ungefanyaje?" Ukimjibu, umeharibu, maana hutajua angefanya nini siku ambayo hupo.

Niliomba kwenda kwetu, nikidhani itakuwa rahisi. Msindikizaji akanikusanyia watu kumi kwenye baraza yake, akawapanga kama foleni ya zahanati, akawakataza kukohoa wenzao wakiwa kwenye simu. Walikuja akina mama wengi, wazee wawili, na binti mmoja wa sekondari aliyemaliza kila kitu kabla sijawasha kinasa sauti. Mambo yakaenda vizuri, isipokuwa kwamba kila aliyejaribu, programu ilimwambia akimbie hospitali. Kadi inasema mtoto ana homa tangu jana. Mama anaisoma, anaitikia kwa kichwa, anabonyeza siku tano.

"Mama, kadi imesema jana," nilimwambia wa nne, nikivunja sheria yangu mwenyewe.

"Nimeona," akasema. "Lakini nikiiambia jana itanidharau."

Mkubwa wangu wa kazi alipiga simu jioni baada ya kuyaona majibu. "Mbona Mohoro nzima mahututi?" akauliza. Nikamweleza kwamba hapa watu wanaongeza siku kwa sababu wamezoea kupunguziwa, na kwamba programu yetu haijui kupunguza. Akasema hilo ndilo jambo la maana zaidi tulilopata tangu tuanze. Nilimpelekea Msindikizaji sifa hizo. Akafurahi, akataka soda baridi.

Siku ya mwisho watu walikwisha kuondoka. Nilikuwa nakunja mkeka, naye amekaa kwenye kibao chake cha mbuzi, anakuna nazi. Akaiweka kando ile nazi. Akanawa mikono.

"Na mie nijaribu," akasema.

Nikampa kadi ya mtoto mwenye homa. Akairudisha. "Hii nimeichoka, nimeisikia mara kumi. Nitatunga ya kwangu." Nikasema haya, inaruhusiwa, nikawasha kinasa sauti. Akavaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja.

Akatunga mama mmoja wa makamo, ambaye hedhi ilimkatika miaka mingi nyuma. Sasa anaona damu. Programu ikauliza imeanza lini. Akaniambia kwamba iliingia wiki moja kabla ya Ramadhani, ikakaa siku nne, ikakata. Ikarudi baada ya Idi, siku sita. Ikarudi tena wakati wa kupura mpunga, na huo ulikuwa mwezi uleule tuliomo. Akatafuta pa kuyaandika hayo yote, hapakuwapo. Akabonyeza palipoandikwa zaidi ya mwezi mmoja. Mie nikaandika kwenye daftari: mtumiaji anataka nafasi ya kueleza.

Ikaja ile skrini ya mwisho. Nenda kituo cha afya ukapimwe na mtaalamu, usichelewe. Aliisoma polepole, midomo ikicheza.

"Hili neno usichelewe," akasema, "anaambiwa kila mtu au anaambiwa huyu mama?"

Nilikuwa mfanyakazi mzuri siku ile. "Wewe unaelewaje, shangazi?"

"Na kama keshachelewa?"

"Unadhani yeye angefanya nini?"

Alinitazama juu ya miwani. Nilidhani anafikiria jibu. Kisha akanirudishia simu. "Angekaa kimya, mwanangu," akasema, akaivuta nazi yake. Nikaandika: mshiriki wa kumi na moja hana uhakika ujumbe unamhusu nani, tubadilishe maneno. Nikamshukuru, nikamuaga, nikapanda gari kwenda Kibiti ambako nilikuwa nimepanga chumba cha kuandikia ripoti.

Ripoti ya namna hii huandikwa kwa kusikiliza upya kila sauti na kujaza jedwali. Siku ya pili saa nne asubuhi nikafika kwenye sauti yake. Jedwali langu lilikuwa na safu ya siku zilizotajwa na safu ya siku zilizoongezwa. Kwa watu kumi nilikuwa nimejaza mbili, tatu, nne, tatu. Kwake nikasita. Nne, kisha sita. Hakuna aliyekuwa amempa kadi yenye hesabu hiyo, na mtu anayetunga huwa anasema wiki, mwezi, siku nyingi. Huyu alizitaja kama mtu aliyezihesabu asubuhi kwa asubuhi. Aliyewafundisha wote kuongeza hakuongeza hata siku moja.

Nikarudisha sauti nyuma. Nikamsikia akiuliza kama keshachelewa, na nikajisikia mwenyewe, sauti tulivu ya mtu aliyesomeshwa, nikimuuliza yeye anadhani nini. Nilivua vile vidude vya masikioni nikavitupa kitandani. Nililia, sikatai. Kisha nikamwandikia mkubwa wangu kwamba ripoti haitatoka Ijumaa, na nisiulizwe kwa nini.

Kumpigia simu nisingeweza. Mambo yale hayasemwi kwenye simu ambayo huko nyumbani inashikwa na kila anayepita. Adhuhuri nilikuwa Mohoro. Nilimkuta uani anapepeta mchele, akaona uso wangu, akaendelea kupepeta.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umesahau nini?"

"Yule mama wa kwenye simu," nikasema. "Yuko wapi?"

"Nilimtunga."

"Shangazi, wewe hujui kutunga. Ukitunga unaongeza."

Ungo ukasimama. Kuku wakasogea wakala mchele uliomwagika, na hakuwafukuza, ndipo nikajua sijakosea. Tulikaa. Nikamwomba msamaha kwa vile nilivyomrudishia maswali, nikamweleza kwamba ndiyo sheria ya kazi. Akasema alijua ni sheria, aliona nilivyowafanyia wengine, na kwamba alinichagua siku ile makusudi, kwa sababu nilikuwa mtu wa kutojibu. "Nilitaka kuyasema mahali," akasema. "Nisikie yanavyosikika."

Nikamuuliza kwa nini hakwenda hospitali ya Kibiti, yeye anayejua kila mlango. Hapo ndipo aliponieleza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Miaka kadhaa nyuma alimsindikiza mwanamke mwenye maradhi hayohayo. Walianzia kwetu, wakapelekwa mbele, wakapelekwa mbele tena mpaka Dar es Salaam. Yule mwanamke alichelewa mno kwenda, na Msindikizaji alirudi naye akiwa maiti, amelazwa nyuma ya gari. "Njia hiyo yote naijua, mwanangu. Naijua mpaka mlango wa mwisho. Wenzangu wanaogopa wasichokijua." Akaokota punje chache za mchele. "Na tena nitakwenda na nani? Atakayenisindikiza ndiye atakayesikia. Mie nimebeba ya watu wote humu. Sijui kama kuna wa kuyabeba ya kwangu."

Nilimwambia tu kwamba yule mwingine alichelewa, na yeye ana miezi michache, na miezi michache si miaka. Nikamwambia sijui daktari atasema nini na sitamdanganya. Tulikaa mpaka watu wa msikitini walipotoka. Mwishowe akaokota ungo, akapuliza pumba, akauliza kama Kibiti siku hizi kuna daktari mwanamke.

Nikasema yupo, nilikwishauliza.

"Kesho basi," akasema. "Uje mapema, sipendi foleni."

Asubuhi nilimkuta barabarani amevaa baibui lake la sikukuu. Kikapu nilikibeba mie. Njia nzima, tulipovuka daraja, tulipopita Ikwiriri, mie nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi tarehe zote, kabla ya Ramadhani, baada ya Idi, na mambo ambayo daktari angeuliza. Nilijipa moyo kwamba kwa mara moja katika maisha yake atakaa na kusemewa. Nilitaka sana kumsemea. Niliona ndiyo malipo ya lile kosa langu.

Tukaitwa. Daktari alikuwa binti mdogo, mtandio mweupe, kalamu mbili mfukoni. Akamwamkia shangazi, akamwonyesha kiti, kisha akanigeukia mie, maana huku hata madaktari wamezoea mgonjwa kusemewa. "Haya dada, mgonjwa wako anasumbuliwa na nini?"

Nikakunjua karatasi yangu. Shangazi akanishika mkono.

"Hebu toka kidogo, mwanangu."

"Shangazi, mie niko tayari, nimeandika kila—"

"Najua umeandika. Toka."

Nikaiweka karatasi mezani. Shangazi akaichukua akanirudishia, akaikunja vizuri ndani ya kiganja changu. Nikatoka nikaurudisha mlango, lakini ulikuwa umevimba, haukufunga sawasawa. Kwenye benchi la karibu niliisikia sauti yake ikianza. Haikuwa ile ya kuwasemea watu. Ilikuwa ya chini, inasimama, inaendelea. Nikasikia neno Ramadhani, nikainuka. Nikahamia benchi la mwisho kabisa, karibu na bomba la maji, ambako husikii kitu isipokuwa ndoo kujaa.

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akanisogelea, akaniuliza nimemleta nani. Nikamwambia shangazi yangu, yupo ndani.

"Anaumwa nini?"

"Sijui," nikamjibu. "Anamwambia daktari."